Nimekusikia, Corinne

Jumatano, 8 Oktoba

Nimefika Duluth. Upepo wa ziwani umenipokea mlangoni mwa hoteli na kuichukua kofia yangu bila hodi. Kofia ikaingia chini ya basi la kongamano. Nami nikaingia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame! Nilipochomoza upande wa pili, magoti yote tope, nani kasimama pale na sanduku lake linalong'aa? Yolanda Prewitt, wa idara yangu mwenyewe. Akanipa mkono wa kuniinua, akanipa na pole. Ndivyo alivyo, mwema mpaka anaudhi. Idara imetuweka chumba kimoja.

Yolanda na mimi tuliajiriwa siku moja, miaka kumi na tisa iliyopita. Yeye leo ni profesa kamili. Mimi bado profesa mshiriki. Nimeomba kupandishwa cheo mara mbili, nimekataliwa mara mbili, na chuoni kwetu mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Mkuu wa kitivo, Brent Kuchta, ameniambia waziwazi: kitabu changu kipate mchapishaji, na barua ya uthibitisho iwe mezani kwake Ijumaa ijayo, tarehe kumi na saba. Vinginevyo nitastaafu na cheo hiki hiki. Nimelia ndani ya gari mara mbili kwa ajili ya jambo hili. Sijamwambia mtu.

Kitabu ninacho. Kurasa mia sita na kumi na mbili. Kinaitwa Sikio Wazi, na kinahusu kusikiliza: jinsi wanawake walivyogeuza usikivu kuwa elimu, sanaa na silaha. Miaka kumi na mmoja nimekiandika. Wachapishaji saba wamekikataa. Mmoja alinieleza kwa simu kasoro zake zote kwa dakika ishirini, lakini mimi nilikuwa naandaa jibu, kwa hiyo sikuzipata.

Sasa mpango. Winifred Ostrander yuko hapa! Miaka themanini na mmoja. Kila mtu katika fani yetu ya balagha ya wanawake amefundishwa naye, au amefundishwa na aliyefundishwa naye. Miaka thelathini ana mfululizo wake wa vitabu, na anachokigusa kinachapishwa. Ninachotaka ni kumpata kabla ya Jumapili, anipe neno moja tu la kukubali. Basi.

Jioni hafla ya kukaribishana. Supu ya wali wa porini, na tepe. Hizi tepe zinabandikwa chini ya beji, mmoja chini ya mwingine, ili watu wajue wakuheshimu kiasi gani. Za Yolanda: Mwasilishaji, Mlezi, Kamati, Mshindi wa Tuzo, Mwanachama wa Maisha. Zimemfika kiunoni. Mimi ninao mmoja, Mwasilishaji, na umebandikwa upande.

Nimeisoma ratiba. Kesho kuna Chakula cha Walezi na Wageni. Ostrander atakaa meza ya nne. Wanaoruhusiwa ni walezi, yaani maprofesa kamili, na wanaohudhuria kongamano kwa mara ya kwanza. Nimengoja mama wa mapokezi ageuke, nikajiandika kwenye orodha ya wageni, nikachomoa utepe wa manjano: MARA YANGU YA KWANZA. Hili ni kongamano langu la tisa.

Yolanda akauliza kulikoni. Nikamjibu kwamba ukongwe ni dhana ya mfumo dume, na kwamba kwa mtu aliye macho kila mkutano ni wa kwanza. Akasema, "Aa." Hiyo "aa" yake ina kurasa mia sita na kumi na mbili ndani.

Alhamisi, 9 Oktoba

Asubuhi nimewasilisha mada yangu. Wasikilizaji wanne. Mmoja alikuwa anatafuta choo, akaona haya kutoka.

Mchana! Nimefika ukumbini nusu saa kabla ya wengine. Kila sahani ina kadi yenye jina. Yangu iko meza ya tisa, kwenye kona yenye giza. Nikazunguka kama mtu anayesifia maua, nikabadilisha kadi yangu na ya bibi mmoja wa Idaho aliyepangwa meza ya nne. Nikakaa. Nikanyoosha sketi. Nikafanya mazoezi ya sura ya unyenyekevu.

Saa sita na nusu Ostrander akaingia na fimbo yake. Akaitazama meza ya nne, akasema jua la dirishani linamuumiza macho. Wamtafutie mahali penye kivuli. Wakampeleka meza ya tisa, kiti kinachopakana na changu. Yaani kilichokuwa changu! Bibi wa Idaho amepata mkono wake, tabasamu lake na nusu ya mkate wake.

Na mlezi aliyeletwa meza ya nne badala yake? Mungu ana utani. Yolanda.

Akausoma utepe wangu wa manjano taratibu, herufi moja moja. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika meza nzima, "Karibu sana, mwenzangu. Usiogope, sote tulianza hivi hivi. Hebu tuambie, unatokea wapi?"

Nikasema Nebraska. Akasema lo, hata yeye! Akauliza kama kazi inanipendeza. Nikasema kazi nzuri, ila kuna wenzangu wengine wananikera. Akasema hao wako kila mahali, nivumilie tu. Akanipa mawaidha mawili mbele ya wanafunzi sita wa uzamivu: nisiwe na haraka, na nisikilize kuliko ninavyosema. Wote wakaandika. Na mimi nikaandika. Ningefanyaje?

Halafu kila meza ikatakiwa kumtambulisha mgeni wake mmoja. Yolanda akanisimamisha. Akasema Corinne Haverkamp ameianza safari hii akiwa na miaka hamsini na minne, na kama huo si ushujaa basi yeye hajui ushujaa ni nini. Ukumbi mzima ukainuka! Watu mia mbili wananipigia makofi. Wengine wanafuta machozi. Ostrander mwenyewe akainua fimbo. Na katikati ya umati, mdomo wazi, mwanamke niliyekaa naye jukwaa moja mwaka 2013.

Nimevua utepe chooni. Umeondoka na uzi wa sweta.

Alasiri, mpango wa pili. Kuna chumba cha kushona blanketi la viraka. Kila mshiriki anashona kiraka chake chenye neno moja la kuwaenzi mama zetu waliotutangulia, na mwisho vyote vinaunganishwa. Ratiba inasema Ostrander atashona saa tisa. Saa nane na nusu mimi niko pale na sindano.

Alikuwepo mama mmoja tu, wa makamo, sweta ya kijivu, miwani mnyororoni, hana beji. Anaitwa Ardis Niemi, mtu wa hapa hapa Duluth. Nikaelewa kwamba kongamano limemleta atusaidie kushona. Nikamwomba kahawa. Akaenda kuileta, yenye maziwa, kama nilivyosema.

Ostrander hakutokea saa tisa. Hakutokea saa kumi. Mtu hukaaje kimya muda wote huo? Nikamweleza Ardis kitabu changu, sura baada ya sura. Alikuwa msikivu, ingawa mara kwa mara alijaribu kusema. Nilipofika sura ya nne akaisimamisha sindano. Sura hiyo inahusu wanawake wa mashambani enzi zile waya mmoja wa simu ulipohudumia nyumba kumi. Ikilia kwa mmoja, wote wananyanyua na kusikiliza. Bibi yangu Alma alijua kwa njia hiyo nani mgonjwa, nani kajifungua, nani kapigwa na mumewe, na kabla ya jua kuzama chungu cha supu kilikuwa mlangoni kwa mwenye shida. Ardis akasema hata bibi yake, huko kaskazini kwa wahamiaji wa Finland, alikuwa na simu ya namna hiyo, na kwamba kuna mwaka mmoja wa theluji kubwa ambapo... Ikabidi nimkatize. Sura ya tano ndiyo yenye nadharia.

Baadaye akaanza kusema kwamba Winifred amemwachia kitu fulani. Nikadhani mkasi. Nikamwambia na mimi nauhitaji.

Nikamnong'oneza pia siri, kwa kuwa si mtu wa fani: vitabu vya Ostrander siku hizi vinaleta usingizi, mfululizo umechoka, lakini jina ni jina. Akatikisa kichwa polepole, akakata uzi kwa meno.

Neno langu lilikuwa SIKIA. Nimefika SIKI, nafasi ikaniishia. Nilipoinuka kuondoka, blanketi zima likainuka nami. Nilikuwa nimelishona kwenye sketi yangu, mishono midogo midogo, imara sana. Ardis akapiga magoti kunifumua. Dakika ishirini. Nikatumia nafasi hiyo kumalizia sura ya tisa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeshinda! Nimeshinda! Niandike kwa utaratibu.

Saa mbili asubuhi niliingia kwenye lifti. Ostrander analala ghorofa ya sita, kwa hiyo lazima ateremke, na mtu aliyefungiwa na wewe ndani ya lifti hana pa kukimbilia. Nimepanda na kushuka mara kumi na moja. Nimekutana na wapiga tarumbeta wa harusi, mbwa wawili, na Yolanda mara tatu. Mara ya tatu hakusema kitu, alinipa ndizi. Kumbe Ostrander hapandi lifti. Daktari amemwambia atumie ngazi.

Nikamkuta tayari ameketi kwenye Duara la Kusikiliza, kikao cha saa nne asubuhi kwenye ukumbi unaotazama ziwa. Nimechelewa dakika kumi. Viti ishirini na vitatu kwa mduara, kimebaki kimoja, na kimoja hicho kinamtazama yeye uso kwa uso! Nikakaa haraka kabla mtu hajanipokonya bahati.

Kuna jiwe la ziwani linalopitishwa. Aliyelishika ndiye anayesema. Lilipokuwa kwa wengine mimi nilikuwa napanga maneno yangu, kwa hiyo siwezi kuandika hapa waliyosema. Mmoja alilia, kitu kuhusu paka. Jiwe likanifikia. Zito, baridi. Nikalishika kwa mikono miwili, nikamtazama Ostrander machoni, nikasema yote. Yote! Miaka kumi na mmoja, kurasa mia sita na kumi na mbili, wachapishaji saba, Brent Kuchta, Ijumaa tarehe kumi na saba. Hata habari ya kulia garini ikanitoka, na hiyo sikuipanga. Nikamwambia, mama, kipokee kitabu changu, sina mlango mwingine wa kubisha.

Ostrander akaniangalia. Akaweka mkono kifuani. Akasema, "Corinne, nimekusikia."

Amenisikia! Amekubali! Nikabubujika machozi, nikasahau kupitisha jiwe, ikabidi jirani anipokonye.

Saa sita nilikuwa nimeshamwandikia Brent Kuchta: Ostrander amekikubali kitabu, barua rasmi inafuata. Saa saba nilikuwa nimeshawaambia watu wa meza ya chai, mama wa mapokezi, na bibi wa Idaho, ambaye nimemsamehe.

Yolanda akaniuliza Ostrander alitamka maneno gani hasa. Nikamwambia. Akaanza, "Corinne, lakini kanuni za duara..." Nikamwambia wivu haumpendezi mtu wa cheo chake. Akavua viatu, akakaa kitandani akanitazama kama mtu anayetazama sufuria inayokaribia kumwagika.

Saa kumi na moja kulikuwa na dansi ya washiriki. Nimecheza nyimbo zote. Nimemwinua na Ardis yule wa viraka, nikamzungusha. Alinisemesha jambo sikioni, ila muziki ulikuwa juu. Nikamwambia asante, asante sana!

Jumamosi, 11 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi jibu la Brent limeingia. Hongera nyingi. Ameshalitangaza kwenye jarida la kitivo, pamoja na picha yangu, ile ya macho yaliyofumba.

Mchana karamu kuu. Samaki wa ziwani, viazi, keki ya matunda. Baada ya tuzo wakafungua kipaza sauti: kila anayetaka amshukuru mwanamke aliyemfungulia njia. Wenzangu walisema sentensi mbili mbili. Mimi nilikuwa na karatasi tano.

Niliposoma ya tatu nikamgeukia Ostrander. Nikasema kwamba mbele ya mkutano huu napenda kumshukuru mama yetu kwa kukubali kukichapa kitabu changu. Makofi yakaanza. Akainua mkono, yakakatika. Akavaa miwani. "Mpenzi wangu," akasema, "kitabu gani?"

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha wa wazee. Nikamkumbusha duara, jiwe, mkono kifuani.

Akanieleza kwa upole, na kipaza sauti kikiwa wazi. Katika duara hakuna anayeruhusiwa kumjibu msemaji, wala kumshauri, wala kumkubalia au kumkatalia. Neno ni moja tu, nimekusikia. Amewaambia hivyo watu wote ishirini na wawili, mmoja mmoja, pamoja na aliyefiwa na paka. Kanuni ziko kwenye kadi iliyowekwa juu ya kila kiti. Wamezitoa kwenye makala moja nzuri sana ya miaka ya nyuma, jina la mwandishi limemtoka.

Yangu nilikuwa nimeikalia. Niliikuta baadaye mfukoni mwa koti, nilikoitia bila kuisoma, imekunjamana. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: Haverkamp, 2016.

Mimi ndiye niliyeitunga kanuni hiyo. Mimi!

Lakini hakuwa amemaliza. Akasema isitoshe, mfululizo wa vitabu si wake tena. Aliuachia tangu Aprili. Mhariri mpya yuko humu humu ndani, niongee naye, ni mtu mwema. Akanyoosha fimbo kuelekea ukutani, ambako mama mmoja wa sweta ya kijivu alikuwa juu ya ngazi akitundika blanketi la viraka.

Ardis akanipungia mkono akiwa na pini mdomoni.

Nikakumbuka kahawa. Nikakumbuka dakika ishirini za magoti. Nikakumbuka "vinaleta usingizi." Mdomo uliponza kichwa, na changu kimeponzwa mbele ya watu mia mbili na keki.

Sijui nilitokaje ukumbini. Yolanda alinikuta chumbani chini ya mto. Nilimngoja anicheke. Hakucheka. Aliketi ukingoni mwa kitanda akasema aliona aibu kuniambia Jumatano kwamba anataka nipandishwe cheo, kwa sababu amechoka kuhudhuria vikao vya maprofesa peke yake na wanaume wanaolala. Kisha akanipa mpango. Wa kwake, si wangu. Kesho kwenye chai ya kuagana niende kwa Ardis, nimwambie maneno mawili tu: samahani, na nakusikiliza. Halafu nifunge mdomo.

Nikasema hilo tu? Akasema kwa watu wengine ni hilo tu.

Jumapili, 12 Oktoba

Chai ya kuagana. Blanketi limetundikwa ukumbini, zuri kwa kweli. Uhuru. Bibi. Sauti. Mkate. Subira. SIKI.

Ardis alikuwa anakunja vitambaa vilivyobaki. Miguu yangu haikutaka kwenda, ikaenda. Nikasema samahani. Akasema haya, yamepita. Nikasema nakusikiliza. Na nikafunga mdomo!

Akaanza kuzungumza. Ee Mungu, jinsi ilivyo kazi! Kila sentensi yake ilinipa yangu tatu. Ulimi ukavimba. Ili nisimkatize nikaanza kuhesabu kichwani, moja, mbili, tatu, macho yangu kwake, nikiitikia kwa kichwa kila nikifika kumi. Nikafika mia mbili na arobaini. Dakika nne nzima! Sijawahi.

Alipomaliza alikuwa anafuta machozi. Akanishika mikono yote miwili. Akasema habari hizo za bibi yake na simu na ile theluji hajawahi kumsimulia mtu yeyote nje ya familia, na kwamba hakuna aliyewahi kumsikiliza hivyo. Sikusikia hata neno moja. Nilikuwa nahesabu. Nilikaribia kumwambia, nikaona aibu, na hapo hapo akasema nimtumie kitabu leo, atakisoma usiku na mchana, jibu nitalipata kabla ya Ijumaa.

Nimekituma kutoka uwanja wa ndege. Yolanda alinikalia kiti cha dirishani ili nisione mabawa, kwa kuwa naogopa. Nimemwambia mbinu yangu ya kuhesabu. Akafumba macho hadi Minneapolis.

Alhamisi, 16 Oktoba

NIMEPATA!

Saa tatu na nusu asubuhi Ardis ameniachia ujumbe wa sauti. Nilikuwa darasani, nafundisha juma la sita, Ukimya kama Tendo. Nimeufungua koridoni, simu sikioni, mkono kifuani. Nauandika hapa neno kwa neno ili nisije nikasahau: "Hujambo, Corinne. Ni Ardis, wa Duluth. Nimekisoma chote. Nimekusikia, na safari hii nina maana ya kweli. Nakitaka kitabu. Ila..."

Nikazima. Nikapiga ukelele! Mtu wa mashine ya kunakili akaangusha karatasi. Nakitaka kitabu! Nikakimbia moja kwa moja hadi ofisini kwa Brent Kuchta, nikamwambia barua iko njiani, aandae fomu za cheo. Akanipa mkono. Akauliza kama kuna masharti yoyote. Nikasema masharti gani tena!

Ujumbe una dakika nne na nusu. Nimesikiliza kama nusu dakika. Hizo zilizobaki najua ni nini: watu wa Minnesota hawajui kuagana. Mtu anasema haya mimi nakwenda, nusu saa baadaye bado kashika kitasa cha mlango anakupa salamu za shangazi. Nitausikiliza wikiendi, nikiwa nimetulia.

Yolanda amepita mlangoni kwangu saa tano. Amesema Ardis amempigia, ana wasiwasi hajapata jibu langu. Nimemuuliza jibu la nini, mbona alichosema kizuri na kimetosha? Akaniuliza, "Umeusikiliza ujumbe mpaka mwisho?" Akasema kuna jambo kuhusu sura ya nne, na kuhusu kuzitoa zile sura nyingine nane, na kuhusu jibu linalotakiwa leo kabla ya saa kumi jioni. Alisema na mengine pia. Nilikuwa nafikiria rangi ya jalada.

Nimemwambia asiwe na hofu, mwenzangu. Sikio la kufa ndilo lisilosikia dawa, na mimi nimeandika kitabu kizima kuhusu sikio lililo hai. Akasema, "Aa." Akaketi kwenye kiti changu cha wageni, na mpaka sasa hajaondoka. Ananiangalia tu na kunyooshea simu kidole.

Saa tisa na dakika hamsini. Simu inaita. Namba ya Duluth, mara ya tatu sasa. Mama huyu ana mapenzi jamani! Nitampigia nikimaliza. Nimo katikati ya hotuba yangu ya shukrani kwa kitivo, na ndiyo kwanza nimefika sehemu ya kusikiliza.